Barua ya wazi: Umeme wa jengo huamuliwa siku ya kibali

Kwa:
Waziri wa Nishati
Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI
Wakurugenzi wa majiji ya Dar es Salaam na Dodoma

Nakala: EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), TANESCO (shirika la umeme), Wakala wa Majengo Tanzania (TBA)

YAH: MASHARTI YA KIVULI, PAA NA SOLA YAINGIZWE KWENYE KIBALI CHA UJENZI

Waheshimiwa,

Mchoro unapopelekwa halmashauri kuombewa kibali, wakaguzi huangalia mipaka ya kiwanja, umbali kutoka barabarani, uimara wa nguzo, maji taka na njia ya kutokea moto ukizuka. Ni nadra mtu kuuliza ukuta wa magharibi una kioo mita ngapi. Swali hilo likipita siku ile, halirudi tena. Mwenye jengo atalijibu kila mwezi kwa pesa ya umeme, na TANESCO italijibu kwa transfoma.

Tunajua jibu la haraka litakalotolewa: umeme sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na ni kweli hali imebadilika sana tangu mgawo wa mwaka 2023. Lakini umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kwenye soketi ni mambo mawili. Machi 2025 Serikali yenyewe ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu mojawapo iliyotajwa ni umeme unaopotea njiani. Ndani ya jiji hali ni hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Mtaa uliokuwa na nyumba za chini ukiota maghorofa yenye viyoyozi kila chumba, kinachoelemewa kwanza ni transfoma ya mtaa na waya zake, na bwawa likijaa haliziongezei nguvu. Tena bwawa lenyewe linategemea mvua, na mvua zetu mnazijua.

Kwa hiyo hatuombi jengo la kifahari lenye cheti cha kigeni ukutani. Tunaomba masharti machache ambayo mkaguzi anaweza kuyapima kwa rula juu ya mchoro na kwa futi kamba pale saiti.

Tuanze na kioo, maana ndipo pesa nyingi inapovujia. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, likiwa juu kiasi cha nyuzi 60. Desemba huhamia kusini, juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzilinda. Upenu au zege la kivuli la sentimita 90 juu ya dirisha la kaskazini hutupa kivuli cha mita 1.5 kwenda chini saa za adhuhuri za Juni, na dirisha la kawaida la mita 1.2 limepona. Upande wa kusini sentimita 60 zinatosha. Sasa peleka upenu uleule wa sentimita 90 ukuta wa magharibi, mwishoni mwa Machi, saa kumi na moja jioni: jua limeshuka hadi nyuzi 21 hivi, na kivuli kinafika sentimita 35 tu. Kioo kilichobaki chote kinapigwa uso kwa uso.

Kiasi gani cha joto? Siku ya anga safi, saa kumi jioni, ukuta wa magharibi hupokea takriban wati 600 kwa kila mita mraba. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha kama asilimia 80. Ofisi yenye mita mraba 10 za kioo upande huo inaingiziwa karibu wati 4,800 za joto, na kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kuondoa wati 3,500 za joto. Yaani kiyoyozi kizima na zaidi ya theluthi ya kingine vinanunuliwa, vinafungwa na kulishwa umeme kwa ajili ya kioo tu, kabla hatujahesabu watu, kompyuta na taa. Kioo cha bluu kinachoakisi hupunguza, lakini karibu nusu bado huingia, na chenyewe kikishachemka huwarushia joto walioketi karibu nacho. Matokeo yanaonekana katika maghorofa mengi ya katikati ya jiji: mapazia yamefungwa kutwa na taa zimewashwa mchana kweupe. Mwenye jengo amenunua kioo, akanunua pazia la kukiziba, sasa ananunua umeme wa kuona.

Sharti tunalopendekeza ni hili. Jengo lolote la ofisi, hoteli au biashara lililopangwa kuwa na viyoyozi liwe na kioo kisichozidi asilimia 40 ya eneo la kuta zake za nje, na kwa kuta za mashariki na magharibi kisizidi asilimia 20, isipokuwa msanifu ameweka vizuizi vya wima au matofali ya matundu mbele ya kioo. Matofali ya matundu si jambo geni. Majengo mengi ya umma ya miaka ya 1960 yanayo, na mafundi wa kuyamimina bado wapo. Pia, pale kiwanja kinaporuhusu, pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Pwani mpangilio huo unapokea upepo vilevile: kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo chumba chenye madirisha pande zote mbili kinapitisha hewa misimu yote miwili. Hapa kuna dosari ndogo inayoharibu kazi kubwa. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu yake tu, na wavu wa mbu hupunguza tena hewa inayopita. Mchoro ukionyesha mita mraba 2 za dirisha la kuteleza, mkaguzi ahesabu mita mraba 1.

Kwa nyumba za kawaida, ambazo ndizo nyingi, tatizo liko juu. Bati la rangi iliyokolea, maruni au kijani au bluu, hunyonya zaidi ya robo tatu ya jua linalolipiga na linaweza kufika nyuzi joto 60 na kupita. Chini yake kuna jipsamu nyembamba, kisha vichwa vya watu. Bati jeupe au la rangi ya maziwa likiwa jipya huakisi sehemu kubwa ya jua hilo, na ukiagiza rangi hiyo badala ya maruni kwa bati la aina na unene uleule, huongezi kazi wala vifaa. Hatusemi rangi zipigwe marufuku, tunajua watu wanapenda paa zao. Tunasema majengo yanayojengwa kwa fedha za umma, shule, zahanati, ofisi za kata, nyumba za watumishi, yaezekwe kwa rangi nyepesi kuanzia mwaka ujao wa fedha. Hilo linahitaji mstari mmoja kwenye zabuni.

Ukitaka zaidi, kuna foili ya kuakisi joto inayotandazwa chini ya bati. Inafanya kazi vizuri sana, na inafungwa vibaya karibu kila mahali. Lazima pawe na nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25 kati ya foili na kitu kilicho upande wake unaong'aa. Fundi akiibana ikagusana na bati, na chini yake akaibana na dari, joto linapita kwa kugusana na foili inakuwa pambo. Upande unaong'aa utazame chini, kwa sababu ukitazama juu vumbi litaufunika na utaacha kuakisi. Itandazwe juu ya kenchi kabla ya kupigiliwa papi (mbao za kushikia bati), ilegee kidogo katikati. Hewa ya moto nayo ipewe mahali pa kutokea, kwa matundu yenye wavu kwenye upenu na kileleni. Jambo moja la usalama lisisahaulike: foili hupitisha umeme. Waya zote za darini ziwe ndani ya mabomba kabla foili haijapanda, na pini zisipigiliwe ovyo, la sivyo siku waya ukichubuka dari nzima inaweza kuwa na umeme.

Dodoma ni habari nyingine, na inatusikitisha kuona michoro ya Dar es Salaam inahamishiwa Dodoma bila kubadilishwa hata dirisha. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na usiku hupoa kweli. Pale ukuta mzito wa tofali na sakafu ya zege isiyofunikwa kwa zulia vinaweza kuhifadhi ubaridi wa usiku hadi mchana, ikiwa tu hewa ya usiku itaruhusiwa kuingia. Kwenye ofisi za Serikali madirisha hufungwa watumishi wanapoondoka saa tisa na nusu, kwa sababu za ulinzi, hadi asubuhi. Suluhisho ni matundu ya juu ya ukuta yenye nondo, wavu na kifuniko kinachofungwa mchana. Nafasi hizo ziwekwe kwenye mchoro, na walinzi wapewe maelekezo. Mji wa Serikali Mtumba bado unaendelea kujengwa. Majengo yake yanayofuata yangefaa kuwa ya kwanza kufanya hivi.

Viyoyozi vyenyewe. Kosa la kwanza ni ukubwa. Muuzaji anauliza chumba kina mita ngapi, anaongeza kidogo, kisha anaongeza kingine kwa usalama, na chumba cha BTU 12,000 kinapata 18,000. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi, hasa kisicho cha inveta (yaani kisichoweza kupunguza kasi ya kompresa), hupoza haraka na kuzima kabla hakijakausha unyevu. Kwa hewa ya Dar es Salaam, chumba kinakuwa baridi lakini chenye unyevunyevu, ukungu unaota nyuma ya kabati, na mtu anashusha rimoti hadi 18 akidhani joto ndilo tatizo. Hesabu ya mzigo wa joto kwa kila chumba iambatanishwe na mchoro wa mhandisi. Ni karatasi mbili au tatu. Mahali palipo na feni ya dari, kiyoyozi kiwekwe 26. Feni ya wati 60 hadi 75 ikisukuma hewa vizuri humfanya aliyekaa chini yake ajisikie kama joto limepungua nyuzi tatu hivi.

Kosa la pili ni mahali pa kufunga mashine za nje. Ili zisionekane barabarani, hupangwa kwenye shimo jembamba la katikati ya jengo, moja juu ya nyingine, ghorofa hadi ghorofa. Hewa ya moto inayotolewa na ya chini ndiyo inayovutwa na ya juu. Mashine iliyopimwa kiwandani kwa hewa ya nje ya nyuzi 35 inavuta hewa ya 45, inakula umeme zaidi, inapoza pungufu, na kompresa zake hufa mapema kuanzia ghorofa za juu. Mkaguzi akatae mchoro wenye mpango huo. Kwenye manunuzi ya umma sharti lisomeke hivi: kiyoyozi cha BTU 12,000 kiwe cha inveta, kisizidi wati 1,000 kwa mzigo kamili, na gesi isiwe R-22, ile ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni. Mashine za zamani za ukubwa huo hula wati 1,200 na zaidi, na bado zinafungwa kwenye ofisi za Serikali kwa sababu bei yake ya dukani ndiyo ya chini.

Sasa sola, ambako sera na fundi wanapishana.

Ofisi ya Serikali inaanza kazi saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa na nusu. Hizo ndizo saa za jua. Hakuna mteja anayefaa zaidi kuwa na paneli juu ya paa bila betri hata moja. Chukua mfumo wa kilowati 30 Dar es Salaam. Unahitaji takriban mita mraba 150 za paa na utazalisha karibu uniti 42,000 kwa mwaka. Kwa mteja wa T1 (kundi la bei la matumizi ya kawaida), ambaye uniti ya shilingi 292 humfikia kama 356 baada ya kodi na tozo, hiyo ni karibu shilingi milioni 15 kila mwaka. Lakini Jumamosi na Jumapili ni siku 2 kati ya 7. Uniti kama 12,000 zinazalishwa ofisi ikiwa imefungwa. Ukitoa friji, taa za ulinzi na seva, zilizobaki bado ni nyingi, na hizo ni za gridi au ni za kupotea.

EWURA ina kanuni zinazomruhusu mteja kurudisha umeme wa ziada na kufidiwa kwa uniti. Kanuni hizo zinakwamia kwenye mita. Baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, hivyo mteja anakatwa uniti kwa umeme alioipa TANESCO. Nyingine huona ni wizi na kujifunga. Fundi mwenye busara anazima urudishaji kwenye mipangilio ya inveta ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi), na paneli zinapunguza uzalishaji jua likiwa kali. Tunaomba TANESCO itangaze hadharani ni aina gani za mita zinazosoma pande mbili, gharama ya kubadilishiwa ni kiasi gani, na siku za mwisho za kukamilisha maombi, kwa namba. Ombi lisilojibiwa ndani ya siku hizo lihesabiwe limekubaliwa kwa mifumo isiyozidi kilowati 10, mradi inveta ina cheti kwamba hujizima gridi ikikatika. Kujizima huko hakuna mjadala. Ndiko kunakomlinda fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo. Ila wanunuzi waambiwe mapema, kwa maandishi, kwamba sola isiyo na betri haiwashi taa umeme ukikatika. Malalamiko mengi kwamba sola ni utapeli yanaanzia hapo.

Hata jengo lisilo na fedha za paneli leo liandaliwe. Bomba la waya la milimita 50 kutoka paani hadi chumba cha mita. Ukuta wa mita 1 kwa 1.5 wenye kivuli na hewa kwa ajili ya inveta. Nafasi ya breka kwenye bodi kuu. Kenchi zenye uwezo wa kubeba kilo 15 zaidi kwa kila mita mraba na kuhimili upepo unaonyanyua. Matangi ya maji yakae mwisho wa kusini wa paa, kwa kuwa hapa kwetu jua la mchana huwa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na kivuli cha tangi moja kinaweza kuangusha uzalishaji wa safu nzima ya paneli zilizounganishwa mfululizo. Vitu hivi wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Baada ya lipu na dari, ni kubomoa.

Ukaguzi wa mfumo uliofungwa uwe na mambo ya kutazama kwa macho, si saini tu. Skrubu zipite mgongoni mwa bati, kamwe zisipite kwenye bonde lake ambako maji hutiririka, na kila moja iwe na washa ya mpira. Karibu na bahari chuma cha pua daraja la 316, kwa sababu skrubu za kawaida hushika kutu na reli za aluminiamu zikigusana na bati lenye chumvi hulika. Mteremko wa paneli usipungue nyuzi 10 ili mvua izioshe. Dodoma kwenye kiangazi lazima zioshwe kwa mkono. Viunganishi vya waya viwe vya mtengenezaji mmoja pande zote mbili: viwili tofauti huingiana vizuri tu, kisha huchemka taratibu na kuanzisha moto. Na pawe na swichi ya kukata umeme wa paneli iliyoandikwa kwa Kiswahili, mahali ambapo askari wa Zimamoto ataiona bila kuelekezwa. Mahali palipo na betri za risasi, chumba kisiwe chini ya bati tupu. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza uhai wake karibu nusu.

Kuhusu maji ya moto tutasema kidogo. Hoteli, hospitali na mabweni yatumie sola ya maji, maana bafu moja la umeme la papo hapo hula kilowati 3.5 hadi 5.5, na watu huoga saa zilezile. Kenya iliweka kanuni mwaka 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwenye jua. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni nzuri, na utekelezaji wake ulikwama. Mwaka huohuo majirani zetu waliweka kanuni nyingine tunayoona ina manufaa zaidi kuiga: kila kituo kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake ya nishati kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Wateja wa kiwango hicho hapa nchini TANESCO inawajua kwa namba zao za mita. Wa kwanza kukaguliwa wawe wizara zenyewe, na matumizi ya kila jengo la umma, uniti kwa mita mraba kwa mwaka, yabandikwe mlangoni.

Swali la nani atakagua ni la haki, maana wahandisi wa halmashauri ni wachache na mezani mwao pamejaa. Ndiyo sababu tumechagua vipimo vya rula. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: asilimia ya kioo kwa kila ukuta, urefu wa upenu, rangi ya paa, eneo la madirisha linalofunguka, mahali pa mashine za nje, bomba la sola. Msanifu aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) na mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi) waijaze na kuisaini, kwa hiyo wakidanganya usajili wao uwe rehani. Halmashauri ikague saiti moja kati ya kumi, kabla ya dari kufungwa, kwani baada ya hapo foili, mabomba na kenchi havionekani tena. Ianze kwa majengo ya ghorofa nne na kuendelea pamoja na yote ya umma, katika majiji haya mawili, kwa mwaka mmoja. Nyumba ya mtu anayejenga chumba kimoja kimoja iachwe kabisa.

Njia ya kisheria tunaiona fupi: kanuni chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, itakayotiwa saini na Waziri wa Ardhi baada ya kukubaliana na wa Nishati kuhusu sehemu ya sola na mita. Rasimu ya fomu pamoja na mfano wa hesabu ya kivuli kwa Dar es Salaam na Dodoma tupo tayari kuziwasilisha mkitupangia siku, na tungependa kikao hicho wawepo wakaguzi wa halmashauri wanaoshika mafaili, si wakuu wao peke yao.

Wenu katika ujenzi,

Wasanifu majengo, wahandisi wa umeme na mafundi wa viyoyozi
Dar es Salaam na Dodoma